Jiko Lenye Injini Mbili

Kila Jumamosi asubuhi bweni letu hupigwa nta. Mnajua wenyewe. Kopo moja la nta kwa watu wanane, matambara yaliyokuwa mashati ya wenzetu waliohitimu, na kiranja wa kutusimamia ambaye hajapiga magoti tangu siku aliyobatizwa. Nyinyi hulalamika. Mimi hukaa kimya, na kiranja huuchukulia ukimya huo kama utii, na siku nyingine kama njama. Si utii, wala si njama. Ni ile harufu. Nta ikipata joto la kiganja, kabla haijakauka, hunirudisha Garsen, uani kwa Mjomba Komora, nikiwa na miaka tisa hivi, nimechuchumaa mbele ya mafiga nikiyeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo la maziwa ili tuipake ndege ya vita.

Ndiyo, ndege ya vita. Mmeniomba mara nyingi niseme kitu cha kweli hata siku moja. Haya, hiki hapa. Asiyetaka kuamini, sakafu ipo.

Mjomba Komora ni kaka wa mama yangu, na alikuwa mvuta kamba kwenye feri ya Garsen. Kwa wale wa mjini ambao hamjaiona: feri yetu ni jukwaa la mbao juu ya mapipa, na kamba nene imevushwa mto kutoka ukingo huu hadi ule. Wanaume wanne wanaishika ile kamba, wanatembea kinyumenyume huku wakiimba, na lori linavuka. Wakinyamaza, lori linasimama katikati ya Tana likitazamana na mamba. Mjomba alikuwa wa pili kutoka mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikosa kidole cha mwisho, ambacho alikiacha vitani.

Vita vyenyewe ni vile vya Bama, mbali huko Asia. Wanaume kadhaa wa kwetu walichukuliwa na keya, jeshi la Mwingereza la watu weusi, wakapelekwa huko kupigana na Mjapani, na waliorudi walirudi na makoti mazito yasiyofaa kwa jua letu na tabia ya kuamka mapema bila sababu. Kila mmoja alikuja na hadithi yake. Jirani yetu Hamesa alikuja na hadithi ya mzinga. Alikuwa mpiga mzinga, ana cheti chenye muhuri, na ukisimama karibu naye kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu, umeshasimuliwa. Mjomba Komora alikuja na hadithi ya ndege. Lakini cheti chake kililiwa na mchwa, na hadithi yake ililiwa na Hamesa.

Ilikuwa siku ya soko, feri imejaa watu, mbuzi, na wamama wa Kiorma na vibuyu vyao vya maziwa. Lori moja, migongo minne ya jasho. Mtu mmoja mgeni akauliza kuhusu kile kidole, na Mjomba, huku anavuta, akaanza kusema kwamba alikuwa anafanya kazi kwenye ndege.

"Komora gani huyo na ndege gani?" Hamesa akadakia kutoka upande wa mbuzi. "Mimi nilimwulizia kulekule Bama! Nikamwuliza karani wa keya, yuko wapi mtu wetu wa Tana? Akaniambia kwa mdomo wake: Komora yuko jikoni. Jikoni, jamani! Hicho kidole kilikwenda na kitunguu."

Watu wakacheka. Nami, ambaye tangu kuzaliwa sijawahi kuona kicheko cha watu wengine bila kutaka kukiongezea kuni, nikapiga kelele: "Mjomba Sufuria!"

Sikuwaza. Lilinitoka tu, kama chafya. Lakini jina likipatikana ferini halishuki ng'ambo. Kufika ukingo wa pili, mchungaji mmoja wa Kiorma aliyekuwa na ndama watatu alishalishika: "Wewe Sufuria, vuta! Ng'ombe yangu nangoja. Chakula naiva saa ngapi?" Kabla ya wiki kwisha madereva wa malori ya Malindi walikuwa wakilipigia honi. Mjomba hakujibu hata mara moja. Alitazama kamba na kuvuta.

Basi mwaka huo kulikuwa na nzige. Walikuja kama moshi na kukaa kama kodi, na mahindi ya kingoni yakabaki vijiti. Serikali ikaleta ndege ya kunyunyizia dawa, na watu wakaiita ndege ya nzige. Hapo ndipo kichwa changu cha miaka tisa kilipofanya hesabu yake. Ndege hula nzige. Kila mtoto amewaona korongo na kunguru wakifanya hivyo. Kwa hiyo serikali, kwa akili zake, ilikuwa imetuletea ndege mkubwa kuliko wote aje kula nzige wote. Nilikaa juu ya kichuguu mchana mzima kumngoja afungue mdomo. Alipopita chini chini akitoa ule moshi wa dawa kwa nyuma, nilikimbia kumwambia Mama kwamba amekula wabaya, anaharisha.

Ndege ile ilikuwa na injini mbili, moja kila bawa, na ilikuwa imefanya kazi ya vita kabla ya kuletwa kwenye kazi ya wadudu. Ilitua kwenye uwanja wa Garsen, ule uliofyekwa upande wa kwenda Minjila. Siku ya kwanza ilipotua, feri ilisimama katikati ya mto. Nilikuwa ndani yake. Watatu wanavuta, mmoja ameachia kamba. Mjomba alikuwa amegeuza uso juu na midomo yake inahesabu kitu. Dereva wa lori akatukana. Mjomba akashika kamba tena, lakini niliuona uso wake, na haukuwa uso wa mpishi. Hilo nalisema sasa. Wakati ule nilidhani amemeza nzi.

Baada ya siku mbili Chifu akatangaza: watu wa nzige wanataka askari wa kuilinda ndege pale uwanjani. Awe mtu anayeijua ndege, asiyeikimbia ikinguruma wala kuichokoa ikinyamaza. Baada ya wiki tatu kutakuwa na baraza, rubani mwenyewe atakuja, na Chifu atampa jina moja. Wakajitokeza wawili. Hamesa alikuja na cheti. Mjomba alikuja na mikono mitupu.

"Cheti chako kiko wapi, Komora?" Chifu akauliza.

"Kililiwa na mchwa, Chifu."

"Basi mlete huyo mchwa."

Watu walicheka mpaka Mjomba alipopotea njiani. Mama alikuwepo, na jioni akamwuliza kaka yake kwa nini anajidhalilisha kwa kazi ya kukaa kivulini akitazama bati la Wazungu, wakati ana kazi yake. Mjomba alikuwa anajipaka mafuta ya nazi pale kamba inapochuna viganja.

"Sitaki kukaa kivulini," akasema. "Nataka kusimama karibu nayo. Basi."

"Na wakikucheka tena?"

"Watanicheka nikiwa nimesimama karibu nayo."

Kisha akageuka kwangu. Nilikuwa nakula, nikaliweka tonge chini, kwa sababu nilidhani zamu yangu ya kuchapwa imefika.

"Wewe uliyenipa jina," akasema, "kesho ukitoka shule njoo ushike tezo. Nitawatengenezea hiyo ndege waione. Kila kitu ndani. Mtu wa kitunguu hawezi kujua vitu hivyo."

Sasa sikilizeni jinsi ndege inavyojengwa na watu ambao kazi yao ni mitumbwi. Wapokomo tukipewa gogo tunaona mtumbwi ndani yake. Tukipewa gogo la kutengeneza ndege, tunaona mtumbwi uliofunikwa. Mjomba alichagua kipande cha msufi, mti mwepesi hata mimi niliubeba kwa mkono mmoja, akauchonga tumbo na kuukomba ndani kwa tezo ndogo ya babu yake, mkia juu, pua mbele, kisha akaufunika juu kwa kipande kingine. Kipimo alikuwa nacho kichwani. Kule Bama, siku za mvua ndege zikishindwa kuruka, alikuwa amelala chini ya bawa, na kwa kukosa la kufanya aliipima yote kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa: mabawa pima kumi na sita kutoka ncha hadi ncha, tumbo pima kumi na nusu. Akaamua pima moja ya ndege ya kweli iwe upana wa vidole vinne katika yetu. Bila karatasi, bila rula. Mwalimu wetu wa hesabu angezimia.

Mimi nilipewa kazi za heshima. Niliponda ulimbo wa mkuyu kuwa gundi, ukanishika nywele, nikanyolewa. Nilichana vijiti vya mkindu kwa ajili ya mbavu za mabawa, na Mama akatoa kipande cha amerikani cha kuzifunika, akisikitika kana kwamba ni sanda. Nta ya nyuki ilitoka kwa mzee mmoja wa Tarasaa anayefuga mizinga, ile mizinga ya asali, si ya Hamesa. Ukiipaka nta ya moto juu ya amerikani, kitambaa kinakaza kama ngozi ya ngoma na kunukia vile vile kama bweni letu Jumamosi. Injini zilikuwa makopo mawili ya maziwa. Mapanga yake ya mbele tuliyakata kwa bati la debe, na upepo ukivuma kutoka mtoni yalizunguka yenyewe. Matairi yalikuwa makoma, yale matunda magumu ya mkoma, yaliyokatwa mduara. Vioo vya rubani vilikuwa magamba ya samaki.

"Kwa nini injini mbili?" nilimwuliza siku moja, nikipuliza moto.

"Moja ya kwenda, moja ya kurudi."

Nikaona ni busara. "Na zile zilizokuwa hazirudi?"

Mjomba alikuwa anasugua bawa. Aliendelea kusugua mpaka nikasahau nimeuliza. Kwa miaka kadhaa niliwaambia watoto wenzangu, kwa uhakika wa mtaalamu, kwamba ndege za vita zilikuwa hazirudi kwa sababu watu walikosea wakawasha injini ya kwenda mara mbili.

Mambo mawili yalinishinda. La kwanza ni mlango. Upande wa kushoto, nyuma ya bawa, Mjomba alikata tundu kubwa la mraba, na nilipomwuliza mlango wake nitautengeneza kwa kitu gani, alisema ndege hii haina mlango. Ndani ya tundu akafunga uzi, ncha moja ukutani, ncha nyingine imelegea. La pili ni shanga. Alimwomba Mama shanga mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, akazibandika kwa ulimbo kando ya lile tundu.

Mama, mtu wa kanisa, akaweka mikono kiunoni. "Komora. Hizo ni za nini?"

"Ni za ndege."

"Ndege inavaa hirizi?"

"Dada, nimesema ni za ndege."

Nikaelewa kila kitu. Mjomba anaogopa jicho la Hamesa, ameweka kinga. Nilienda shuleni nikatangaza kwamba ndege yetu ina uganga, na kwamba atakayeigusa atavimba. Kwa wiki nzima nililipwa viazi vitamu na watoto waliotaka kuitazama kutoka mbali.

Lipo jambo la tatu, lakini hilo sikulisema kwa sababu lilinifurahisha. Bawa la kulia Mjomba alilipima kwa mkono wa kulia, viganja vinane, vidole vinne kila kiganja, akakata. Bawa la kushoto alilipima akiwa amekaa upande wa pili, kisu kikiwa mkono wa kulia, kwa hiyo akatumia wa kushoto. Viganja vinane vilevile. Aliuweka mkono, akausogeza, akauweka, akahesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akipima tangu kijana. Ule mkono ulikuwa bado haujaambiwa kwamba umepungua. Bawa likatoka fupi. Tulipoyabandika yote mawili, ndege yetu ilikuwa kama mtu aliyeinua bega kusema "mimi sijui". Mjomba alikuwa karibu nayo mno kuona. Mimi niliona, nikanyamaza. Nilikuwa nataka kuona Chifu akiiona.

Na kama hilo halikutosha, asubuhi ya baraza, Mjomba alipokwenda mtoni kuoga, nilibaki peke yangu na ndege. Ilikuwa imekamilika, inang'aa nta, mapanga yanazunguka polepole. Ilikuwa nzuri mno, na mimi vitu vizuri mno hunipa mwasho. Nilichovya kidole kwenye masizi chini ya sufuria ya Mama, na puani mwa ndege, upande ule ambao watu wataona kwanza, nikachora sufuria. Mviringo mzuri, masikio mawili. Kisha nikaifunika ndege kwa kanga, kama tulivyoagizwa, nikaenda kunawa.

Baraza lilikuwa kando ya uwanja, kwenye banda la makuti la watu wa nzige. Rubani alikuwa kijana wa Kizungu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Pembeni yake alikaa karani mkalimani aliyetoka Malindi, kavaa soksi ndefu na dharau. Hamesa alitangulia. Alipiga saluti iliyoamsha mbuzi, akatoa cheti, Chifu akakisoma mbele na nyuma, rubani akatikisa kichwa. Nilidhani imekwisha.

Mjomba akaja na ndege mikononi, imefunikwa, akaiweka mezani. Akavuta kanga.

Kwanza shingo zote zilinyooka, kwa sababu ilikuwa ndege kweli. Halafu mtu wa mbele akaona pua, akasema "Sufuria!", na banda zima likaangua kicheko. Hamesa alipiga mapaja. "Si nilisema? Ameandika mwenyewe! Jikoni!" Hata Chifu alijifunika mdomo kwa kofia. Mjomba akainama, akatazama ule mchoro. Kisha akainua kichwa akanitafuta, na kunipata haikuwa kazi, maana nilikuwa mtoto pekee ambaye hacheki. Sikuwa nimefikiria kwamba utani ukishafika unakotakiwa kufika kuna mtu anakuwa amesimama hapo.

"Wewe," akasema. "Njoo hapa."

Nikaenda.

"Umekosea. Ilikuwa na mfuniko. Kalete masizi."

Watu wakapunguza kicheko ili wasikie vizuri. Mjomba akamgeukia karani. "Mwambie Bwana hivi. Ndege yetu ilikuwa inapeleka chakula kwa askari porini, ambako gari halifiki. Mchele, unga, nyama ya kopo. Tunaisukuma kutoka juu. Askari wa keya waliokuwa chini wakisikia injini wanasema, 'Jiko limekuja.' Basi hata sisi tukaiita Jiko, na mtu mmoja akaichora sufuria puani. Ukiuliza Komora yuko wapi, utaambiwa yuko Jikoni. Niliwaambia watu hapa mara moja nilipotoka vitani. Walicheka jiko linalopaa. Sikurudia."

Karani akatafsiri, nadhani kwa ufupi. Rubani akasogea. Akagusa zile shanga, akauliza kitu.

"Bwana anauliza hizi ni za nini," karani akasema, kisha akajijibu mwenyewe kwa Kiingereza, na katikati nilisikia neno hirizi.

"Si hirizi," Mjomba akasema. "Usimwambie hivyo. Mwambie hizi ni taa. Ziko mlangoni. Nyekundu, ngoja. Kijani, sukuma."

Karani akasita, akatafsiri. Rubani akaacha kutabasamu. Akachuchumaa mpaka jicho lake likawa sawa na lile tundu, akaingiza kidole, akagusa uzi.

"Anauliza mlango."

"Uliachwa chini. Wenye mlango hawasukumi magunia."

"Na kamba?"

"Ya kiunoni, usije ukatoka na mzigo. Siku moja kamba ya gunia ilinizunguka kidole, na taa ikawaka kijani." Mjomba akainua mkono wa kushoto, kama mtu anayeonyesha bei. "Likaenda nacho. Wa chini siku hiyo walipata mchele na nyama."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilitoka mahali pengine. Hata yule mchungaji wa Kiorma, aliyekuwa amesimama nje ya banda na fimbo yake mabegani, alisema, "Sufuria, wewe nasema kweli leo."

Rubani akaongea tena, akionyesha mabawa. Karani akafurahi kupata kosa. "Bwana anasema bawa hili ni fupi. Anasema ndege kama hii itazunguka tu mahali pamoja."

Hapo ndipo Mjomba alipoliona. Akaweka mkono wa kushoto juu ya bawa fupi, akahesabu. Viganja vinane, sawasawa. Akaweka wa kulia palepale. Sita. Akabaki anaitazama mikono yake miwili kama watu waliomdanganya kwa miaka na leo wamekutana mbele yake. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Hakikuja. Ni mara yangu ya kwanza kupatwa na jambo hilo, na sikulipenda.

"Mwambie si neno," Mjomba akasema hatimaye. "Ikizunguka, itarudi hapahapa."

Chifu akatoa jina moja, na jina lilikuwa Komora. Hamesa alipanga karatasi yake, kisha akasimama na kuliuliza baraza zima: "Lakini mimi nilisema uongo? Nilisema yuko Jikoni. Hakuwa Jikoni?"

Tukirudi nyumbani, vidole vyangu vyeusi kwa masizi ya mfuniko, nikamwuliza Mjomba kwa nini hakuniambia kuhusu ile sufuria tangu mwanzo, ningeichora vizuri.

"Nakujua," akasema. Tukatembea. "Ningekwambia wewe, ungekuwa wimbo ferini kabla sijamaliza mkia."

Ni yote aliyosema. Sikuchapwa, na mpaka leo naona kama kuna deni la viboko linanisubiri mahali.

Alipewa koti la kaki kubwa kuliko yeye, akasimama karibu na ndege ile kwa misimu miwili. Nilikuwa nikipita kutoka shule namwona amesimama, hakai, hata kivuli cha bawa kikiwepo. Mara moja rubani alimpandisha. Walizunguka Garsen, wakapita juu ya feri, na tuliokuwa chini tulipiga kelele "Jiko!" mpaka ng'ombe wakatawanyika. Aliposhuka nilimwuliza kulikuwaje. Akasema ina mlango. Halafu nzige wakaisha, watu wa nzige wakaenda zao, na Mjomba akarudi kwenye kamba, wa pili kutoka mbele. Waliendelea kumwita Sufuria. Jina halikubadilika hata herufi moja, na yeye akaanza kuliitikia. Ndege tuliyoijenga ilining'inia darini kwake, inanuka nta siku za joto. Shanga nyekundu ilianguka, labda kuku waliimeza. Ile ya kijani ilibaki.

Sasa ile barua niliyopata wiki hii kutoka nyumbani. Ameiandika dada yangu Haluwa, ambaye mwandiko wake ni kama nyayo za kunguru, lakini hasemi uongo, hana kipaji hicho. Anasema Tana imefurika. Wote wazima, wamehamia mahali pa juu, mimi nisome tu. Nyumba za kingoni zimekwenda, na ya Mjomba ni mojawapo. Anasema siku ya tatu, maji yalipoanza kutulia kidogo, Mjomba na wenzake walikuwa ferini wakiokoa kamba, na watu wengi ukingoni wakitazama vitu vyao vikipita: vitanda, mabanda ya kuku, mlango wa mtu. Halafu mtoto mmoja akapiga kelele. Ndege ilikuwa inakuja. Msufi hauzami, na tumbo lake, kama nilivyowaambia, lilichongwa na mtu anayejua mitumbwi. Ilikuja imekaa juu ya maji wima kabisa, amerikani na nta vyote vipo, inazunguka polepole kwa sababu ya lile bawa fupi, inazunguka na kuteremka, inazunguka na kuteremka, mpaka ikaja kunasa kwenye kamba ya feri, mbele ya Mjomba, umbali wa mkono.

Watu wakamwambia ishike, Sufuria, ishike! Haluwa anasema alichuchumaa, akaitazama ubavuni pale penye tundu, akaitoa kwenye kamba taratibu kwa ule mkono wa kushoto, kisha akaisukuma katikati ya mto, ikaenda upande wa Kipini, mto unakoingia baharini.

Mama alimgombeza. Kazi yote ile, amerikani yangu ile, kwa nini umeiacha?

Akamwambia taa ilikuwa ya kijani.